Singer 221 na Mshonaji wa Viraka

Karibu kila nikiiweka Singer 221 yangu mezani, kuna atakayeuliza: hii mashine nyeusi ndogo ya zamani, mimi ninayeshona viraka, niinunue? Nami huuliza kwanza. Unashonea wapi? Cherehani yako anaibeba nani? Na ukishamaliza kuunganisha viraka, mfarishi wenyewe, lile tandiko la viraka la kitandani, unaukamilishia kwenye mashine gani? Mwenye majibu ya maswali hayo mara nyingi hahitaji tena jibu langu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Coventry, Uingereza, na nashona mifarishi ya viraka vya vitenge na kanga. Nyumbani nina cherehani kubwa ya kisasa, nzito, yenye mishono mingi ambayo mingine sijawahi kuitumia. Lakini mkutano wetu wa washonaji unafanyika katika ukumbi wa mtaa, na mimi nakwenda kwa basi. Nimepanda basi na mashine ile kubwa kiasi cha kutosha kujua kwamba mabega yangu hayatakubali miaka mingi ya kazi hiyo. Hapo ndipo 221 iliponiingia akilini, kwa sababu wenzangu kadhaa wanazo na wanaingia nazo ukumbini wakizining'iniza mkono mmoja.

Kampuni ya Singer iliionyesha mashine hii kwa umma mwaka 1933, kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago. Mwili wake ni wa alumini, si chuma cha kalibu kama cherehani tulizozizoea, na ndiyo maana haizidi sana kilo 5. Meza yake ya upande wa kushoto inakunjwa kwenda juu, mashine nzima ikaingia kwenye sanduku dogo jeusi lenye mpini. Iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya mwisho ya 1960. Zilizotengenezwa Marekani zina namba zinazoanza na herufi A, na zilizotoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, zinaanza na E. Yangu ni ya Clydebank. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980 na mnara wake mkubwa wa saa ulikuwa umebomolewa tangu 1963, lakini kituo cha treni cha pale bado kinaitwa Singer hadi leo.

Sasa, sababu hasa ya washonaji wa viraka kuipenda si umri wala uzuri wake. Tazama bati lililo chini ya sindano. Cherehani za kisasa zinazoshona zigizaga zina tundu pana, maana sindano inacheza kushoto na kulia. Ukianza kushona ncha ya pembetatu iliyokatwa kwenye kitenge, ncha ile inavutwa chini na kumezwa na tundu, uzi unajisokota, na kipande chako kinaharibika kabla mshono haujaanza. Mashine ya 221 inashona mshono mmoja tu ulionyooka, mbele na nyuma, basi. Tundu lake ni la duara na dogo sana. Ncha ya pembetatu inapita juu bila kuguswa. Kwa mtu anayeunganisha mamia ya pembetatu, hilo peke yake ni faraja kubwa.

Jambo la pili ni usahihi. Viraka huunganishwa kwa ukingo wa robo inchi, yaani mshono unapita milimita 6 na kitu ndani ya ukingo wa kitambaa. Ukikosea milimita moja tu kwenye ukingo, kila mshono unakula milimita mbili, moja kila upande. Mstari wa viraka 12 una mishono 11. Mwisho wa mstari umepoteza sentimita 2 na milimita 2, na mstari unaofuata, kama uliushona vizuri, hautakutana nao. Watu wengi huvuta kitambaa kwa nguvu ili vikutane, kisha wanashangaa mfarishi haulali sawa kitandani. Kwenye 221 mguu wa kukandamizia ni mwembamba, unaona unachokishona, na mashine haina haraka. Kuna swichi ya kuchagua urefu wa mshono, imeandikwa kuanzia 6 hadi 30, yaani idadi ya mishono kwa inchi. Mimi naiacha kwenye 12 ninapounganisha vitenge. Mshono wa hapo unashika, na ukilazimika kuufumua, unafumuka bila kuchana kitambaa.

Hayo ndiyo mazuri yake, na nayasema kwa moyo wote. Lakini mfarishi haumalizikii kwenye kuunganisha. Baada ya uso wa viraka unaweka pamba katikati na bitana chini, halafu unapitisha mishono inayozishika tabaka zote tatu pamoja. Hapa ndipo 221 inaposhindwa, na muuzaji hatakwambia. Kati ya sindano na nguzo ya mashine kuna nafasi ya sentimita 13 hivi. Jaribu kuviringisha mfarishi wa kitanda cha futi sita ukaupitishe hapo. Utaingia, kwa kulazimishwa, kisha utaupigania kila sentimita. Meno yanayosukuma kitambaa hayashuki kwenye 221, kwa hiyo ukitaka kuchora maua kwa mshono huru itabidi uyafunike. Iko ndugu yake, 222K, yenye mkono mwembamba wa kupitishia mikono ya nguo na meno yanayoshushwa, lakini ni adimu na bei yake inapanda sana. Bobini nayo, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ndogo na si ya aina ya kawaida. Bobini za mashine nyingi za nyumbani haziingii, na uzi wake unakwisha mapema.

Kwa hiyo mimi nashona uso wa mfarishi kwenye 221, mara nyingi ukumbini, halafu tabaka tatu nazipeleka kwenye mashine kubwa nyumbani. Mifarishi midogo ya watoto wachanga naimalizia palepale kwenye ndogo kwa mistari iliyonyooka, na inatoka vizuri. Anayeshona tabaka zote kwa mkono, kwa sindano na subana, huyo ndiye 221 inayemfaa kuliko wote, maana kazi pekee anayoitaka kwa mashine ni ile mashine inayoiweza.

Kununua kwenyewe kunataka utulivu. Hapa Uingereza 221 iliyo nzima inauzwa paundi mia kadhaa, na bei inafuata mng'ao. Yenye maua ya dhahabu yasiyofutika ni ghali kuliko iliyochakaa, ingawa maua hayashoni. Ziko pia zilizopakwa rangi upya, za waridi, za bluu, nzuri kwa macho. Mimi sikutaka hizo. Rangi mpya inaficha mengi, na mashine ya kazi nataka niione ilivyozeeka.

Aliyenifundisha kuangalia ni bibi mmoja mstaafu wa kikundi chetu, ambaye amezifungua mashine hizi maisha yake yote. Kwanza, alisema, zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwako, umeme ukiwa haujachomekwa. Linatakiwa lizunguke laini. Likikwama usikate tamaa, kwa sababu mara nyingi ni kipande cha uzi kilichonasa nyuma ya ndoano inayozunguka pale kwenye bobini, au mafuta ya zamani yaliyoganda yakawa gundi. Tone la mafuta ya cherehani, subira ya usiku mmoja, kisha kulitikisa gurudumu mbele na nyuma pole pole, huwa kunatosha. Lakini bei ya mashine iliyokwama haiwezi kuwa sawa na ya inayozunguka, hata muuzaji aapeje.

Kisha igeuze ulalo. Chini kuna sinia ya bati iliyoshikwa na nati moja katikati. Ifungue. Ndani ya sinia kuna kitambaa cha sufu cha kunyonya mafuta, na kwenye tumbo la mashine unaona gia. Gia zinataka grisi, siyo mafuta mepesi. Mota nayo ina vijitundu viwili vya grisi yake maalumu inayoyeyuka kwa joto dogo, na mtu akiyatia humo mafuta ya cherehani anaiua mota taratibu. Nilishawahi kuonyeshwa mashine ambayo muuzaji alisema imefanyiwa sevisi kamili. Tulipofungua sinia, grisi ilikuwa imekauka kama udongo na harufu ya kuungua ilitoka mle ndani. Tulishukuru, tukaondoka.

Waya ndio wa kuogopa zaidi. Nyingi ya mashine hizi zina umri wa miaka sitini na zaidi, na mpira wa waya wa zamani unakuwa mgumu, unapasuka ukiukunja. Angalia pale unapoingia kwenye mota na pale unapoingia kwenye pedali. Ukiona ufa, mpe fundi wa umeme abadilishe kabla hujachomeka. Pedali za zamani zilizouzwa Uingereza nyingi zina kapasita ndani ya kuzuia mikwaruzo ya redio, na ikichoka inaweza kutoa moshi, au mashine ikaanza kukimbia bila mguu wako kuigusa. Fundi anaitoa kwa dakika chache. Mimi nilimlipa fundi kwa kazi hiyo na nilihesabu malipo yake kuwa sehemu ya bei ya mashine, na kila anayenunua nashauri afanye hesabu hiyo hiyo. Hata sasa, nikinyanyuka kwenda kunywa chai, nachomoa plagi.

Jambo la mwisho la kutazama ni kikasha cha bobini. Hakikisha kipo, kimekaa sawa, na ule ulimi wake mdogo umeingia kwenye pengo lililo chini ya bati la sindano. Mashine ikikosa kikasha, kukitafuta kutakugharimu pesa nyingi. Bobini mpya zinapatikana kwa sababu wapenzi wa mashine hii ni wengi na kuna wanaozitengeneza, lakini si zote zimenyooka. Ukiipata inayozunguka kwa kuyumba, itupe.

Yangu niliipata kwa bei ya chini kwa sababu mwenyewe alisema inaruka mishono. Nilikwenda na kipande changu cha kitenge na uzi wangu, jambo ambalo nalisisitiza kwa yeyote, maana kitambaa cha maonyesho cha muuzaji hakikosi kushoneka. Ilikuwa inaruka kweli. Lakini sindano ilikuwa imewekwa jinsi inavyowekwa kwenye cherehani za leo, upande bapa ukiangalia nyuma. Kwenye 221 upande bapa unaangalia kushoto, na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Tuliigeuza sindano, tukatunga uzi upya, na mshono ukatoka safi juu na chini. Nilimwambia mwenyewe palepale kwamba haikuwa mbovu. Alicheka, akashikilia bei aliyokwisha kuitaja, akasema anataka iende kwa mtu atakayeshona nayo.

Baada ya hapo likaja swali la nyumbani. Mpwa wangu yuko Tanga, ameanza kushona viraka kwa mabaki ya vitenge anayoyaokota kwa mafundi, na mkono wake ni mzuri. Nilitaka nimtafutie 221 na yeye. Umeme ulinipa moyo, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia volti kama za huku, na plagi ni ile ile ya meno matatu mapana. Oman pia ni hivyo. (Anayeletewa ya Marekani asome kibati kwanza. Ile ni ya volti 110, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wa kwetu unaunguza mota. Inataka transfoma, na transfoma ni mzigo mwingine wa kubeba.) Nikampigia mjomba, ambaye ni fundi cherehani Ngamiani, palepale Tanga, tangu mimi sijaanza shule.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Habari za baridi?"

Nikamweleza mashine ilivyo. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza: "Bobini yake ni kama ya cherehani ya Butterfly?"

"Hapana, ni ya peke yake."

"Kikasha je?"

"Cha peke yake pia."

"Na umeme ukikatika?"

Sikuwa na jibu la hilo. Akaniambia, kwa upole wake ule, "Mwanangu, huyo mtoto anajifunza. Atavunja, atapoteza, atanasa uzi. Mpe kitu ambacho akija hapa kwangu saa kumi natoa spea kwenye droo, saa kumi na moja anaendelea kushona. Mkopeshe hela, mie nitamchagulia ya mkono."

Ningeweza kumpinga kwa upenzi wangu wa ile mashine nyeusi, lakini kila alichokisema ni kweli. Fikiria cherehani ya mkono kwa macho ya mshonaji wa viraka. Inashona mshono ulionyooka tu, kama 221. Tundu la bati lake ni dogo, kama la 221. Inafungwa kwenye sanduku lake la mbao na kubebwa, ingawa kwa uzito mkubwa zaidi. Haijali umeme. Butterfly imefuata umbo la Singer ya zamani ya namba 15, kwa hiyo bobini na vikasha vyake viko kila duka la vifaa vya ushonaji, kuanzia Tanga hadi Kariakoo. Na ukizungusha mkono unaweza kushona mishono mitatu ukasimama hasa pale unapotaka, kwenye kona ya kiraka, jambo ambalo mguu juu ya pedali unachukua muda kulijua. Hasara yake ni kwamba mkono wa kulia una kazi ya kuzungusha, na wa kushoto peke yake ndio unaongoza kitambaa. Kwa hiyo unabana viraka kwa pini nyingi zaidi, na unakwenda taratibu.

Huku Uingereza pia zipo Singer za mkono, 99K kwa mfano, ndogo kidogo kuliko za kawaida, na watu wanazitoa kwa pesa kidogo sana kwa kuwa hazina jina kubwa kama 221. Asiye na haja ya kuibeba mbali, na asiye na paundi mia kadhaa za kuweka kwenye mashine ya pili, namwambia wazi atazame hizo kwanza. Nimeshona viraka kwenye 99K ya mwenzangu, na mtu akiniwekea vipande viwili mezani siwezi kumwambia kipi kimetoka mashine gani.

Nikatuma pesa. Mjomba akachagua Butterfly ya mkono iliyotumika, akaisafisha, akamfundisha mpwa wangu kuitia mafuta. Kilichobaki kilikuwa robo inchi, kwa sababu mguu wa mashine ile hauna alama ya kipimo hicho. Nilimwelekeza kwa simu: shusha sindano, pima milimita 6 kulia kwake kwa rula, bandika utepe mnene mezani ukiwa sambamba na mwendo wa kitambaa, ukingo wa kitambaa uuguse utepe siku zote. Kisha kata vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 5, vishone ubavu kwa ubavu, vipige pasi, upime kile cha katikati. Kikitoka sentimita 3 na milimita 8, utepe umekaa pake. Nikamwonya pia afue kitenge kabla ya kukata, na aijaribu kanga yenye rangi nyekundu kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kwa sababu rangi ikitoka baada ya mfarishi kukamilika hakuna wa kuirudisha. Na lile jina la kanga asilikate. Alitunze zima, tutalitumia kuzungushia ukingo.

Jioni ile akanitumia picha ya rula juu ya kitambaa. Kipande cha katikati kilikuwa 3.6. Nikamwambia asogeze utepe milimita moja kushoto. Picha ya pili ikaja 3.8, na chini yake ameandika: "Shangazi, nianze na zile pembetatu?"